Nyundo ya Mti na Bobari: Namna ya Kuchonga Nakshi katika Mti Mgumu

 

Mtu apitaye katika njia nyembamba za Mji Mkongwe wa Unguja, au za mji wa Lamu, huona milango ambayo ni vigumu kusahau. Miimo yake imechongwa minyororo na majani toka chini hata juu. Kizingiti cha juu kimejaa maua. Na katikati, pale zikutanapo mbao mbili za mlango, husimama mfaa, nao pengine umepambwa kuliko vyote. Mingine imeandikwa mwaka wa Hijra. Milango ya zamani zaidi kizingiti chake kimenyoka. Ile ya mwisho wa karne ya 19 mara nyingi ina tao juu, na majani yaliyosokotana kwa mtindo wa Kihindi. Katika jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa kwa amri ya Sayyid Barghash mwaka 1883, palitiwa milango mikubwa sana ya namna hiyo.

Wageni huisimamia milango hii wakastaajabu, kisha huuliza: Je, ilikuwaje mti mgumu kama ule, uliostahimili jua na mvua miaka mia na zaidi, ukakubali kukatwa kama muhogo uliopikwa? Nataka kulijibu swali hilo leo. Jibu lake si siri wala si uchawi. Ni mambo ya mkono na ya chombo, nayo yaweza kuelezwa.

Tuanze na mti wenyewe. Mafundi wa pwani wametumia mvule, mbambakofi, mfenesi, na msaji ulioletwa kwa vyombo kutoka Bara Hindi. Yote hiyo ni miti migumu, lakini si sawasawa. Mfenesi hukatika vizuri, na rangi yake ya manjano hugeuka kahawia kadiri miaka ipitavyo. Msaji una mafuta ndani yake, hata wadudu hawaupendi, lakini huyala makali ya chombo upesi. Mvule una tabia moja ya hila: pengine ndani ya nyufa zake hujificha jiwe, jiwe kweli kweli, jeupe, la namna ya chokaa, lililofanyika humo mti ulipokuwa ukikua. Fundi hulikuta bila kutazamia, na chombo alichokinoa asubuhi nzima humeguka pale pale. Kwa hiyo apigaye mvule hutega sikio. Na mpingo je? Mpingo ni mzito hata huzama majini, nao hupendwa sana na Wamakonde kwa sanamu zao. Lakini anayeanza kujifunza asiuguse. Utamchosha mkono, utamharibia vyombo, tena atapoteza mti wa thamani uliochukua miaka mingi sana kukua. Tangu tarehe 2 Januari 2017 biashara ya mpingo baina ya nchi na nchi imewekwa chini ya mapatano ya mataifa ya kulinda miti na wanyama, na hilo peke yake lingetosha kutuonya tusiuchezee.

Ubao uwe umekauka. Mafundi hukisia mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, ubao ukiwa umelazwa kivulini, umewekewa vijiti chini ili upepo upite, na ncha zake mbili zimepakwa nta au rangi. Ncha zisipopakwa hukauka kabla ya katikati, na ubao hupasuka kuanzia huko.

Sasa nyundo. Watu wengi wanaojaribu kazi hii nyumbani hushika nyundo ya chuma, na hilo ni kosa lao la kwanza. Nyundo ya chuma hupasua mpini wa bobari baada ya siku chache, tena pigo lake ni kali na fupi, huruka nyuma na kuutikisa mkono. Nyundo ya mti hulitoa pigo lake polepole kidogo. Husukuma zaidi kuliko kugonga, na chombo huingia bila kushtuka. Iliyo njema ni ya mviringo, mfano wa mchi mfupi wa kinu, yenye mkono uliochongwa mwembamba katika kipande hicho hicho au uliotiwa katika tundu. Kwa kuwa ni ya mviringo haina uso wala mgongo: utakavyoigeuza, itapiga. Jicho lako basi hukaa kwenye makali na kwenye mstari, wala halina haja ya kuitazama nyundo. Uzito wa ratili moja na nusu watosha kazi nyingi. Kiini cha mkwaju hufaa sana. Mpini wa bobari wenyewe waweza kuwa wa mpera, na pale chuma kiingiapo utiwe noleo ili usipasuke.

Bobari ni patasi iliyopindwa makali yake. Patasi ya kawaida ina makali yaliyonyoka, na pembe zake mbili huchimba ubao ukijaribu kufukua nayo shimo. Bobari haina taabu hiyo, maana pembe zake zimeinuliwa juu. Ziko nyembamba kama ncha ya kalamu na ziko pana kuliko vidole viwili. Ziko zilizopinda kidogo tu, na ziko zilizopinda kama nusu ya pete. Wahunzi wa Sheffield, katika Uingereza, walizipa namba, na namba hizo hutumika hata leo katika nchi nyingi. Namba 3 ni ile iliyo karibu kunyoka. Namba 9 ni nusu ya duara. Namba 11 ni nyembamba na ya kina, yafaa kuchora mishipa ya majani. Na namba 39 si bobari hasa, bali ni chombo chenye kuta mbili zilizokutana kama herufi V. Lakini mtu asidhani ya kwamba hawezi kuanza mpaka anunue sanduku zima. Mafundi wetu wengi walijifulia vyombo kwa tupa kuukuu na kwa vyuma vya motakaa vilivyotupwa, na kazi yao hushindana na ya yeyote. Bobari nne, patasi mbili na chombo kimoja cha herufi V zatosha kuchonga mwimo.

Katika kunoa ndipo wanafunzi wengi hushindwa, kwa hiyo hapa sitafanya haraka.

Tazama makali ya bobari upande. Utaona mshazari mahali chuma kilipopunguzwa hata kikawa chembamba. Kwa mti laini mshazari huo uwe mrefu, mara tatu ya unene wa chuma au zaidi, maana hapo makali hupita kwa wepesi. Kwa mti mgumu unaopigwa kwa nyundo, ufanye mfupi zaidi, yaani mara mbili au mbili na nusu ya unene. Ukiufanya mrefu kupita hapo makali yatameguka. Ukiufanya mfupi mno chombo hakitaingia, nawe utapiga kwa nguvu, na nguvu ndiyo ipasuayo ubao. Tena mshazari uwe bapa kabisa toka kisigino chake hata makali. Ukiuviringisha kama tumbo, chombo hakitakuwa na mahali pa kuegemea, nacho kitaruka juu ya mti au kitazama ndani.

Kinoo kitiwe mafuta au maji. Ulaze mshazari juu yake, uupeleke chombo kushoto na kulia, na huku ukizungusha kiganja ili kila sehemu ya makali iguse jiwe, toka pembe moja hata ya pili. Usikomee katikati, wala usizungushe kupita kiasi ukazila pembe. Baada ya kitambo, pitisha kidole ndani ya bobari kwa uangalifu, nawe utasikia kinyuzi chembamba cha chuma kilichojikunja. Hiyo ni dalili njema, kwamba umefika mwisho wa makali. Kiondoe kwa kijiwe kidogo cha mviringo kiingiacho ndani ya bobari, kisha umalizie kwa ukanda wa ngozi, ukivuta chombo kurudi nyuma, kamwe si kwenda mbele. Wala usitumie jiwe la mashine kwa haraka: chuma cha pua kikipata moto hata kikageuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha, na huwezi kuurudisha kwa kunoa. Kitie majini mara kwa mara.

Utajuaje ya kwamba chombo kimenoleka? Elekeza makali kwenye mwanga. Makali butu huonyesha mstari mweupe ung'aao; makali makali hayaonyeshi kitu. Au kata kipande cha mti laini kukingama nyuzi zake. Penye mkato kukiwa na mstari mweupe uliokwaruzwa, hapo makali yana pengo. Rudi kwenye kinoo. Fundi wa mti mgumu hurudi kwenye ngozi yake kila baada ya muda mfupi, na mtu asiyejua hudhani anapumzika.

Basi tuje kwenye nyuzi za mti, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ubao ni kama mzigo wa nyuzi ndefu zilizobanwa pamoja. Ukizikata kwa kuzikingama zote hupinga, lakini hazipasuki mbali. Ukienda nazo upande zinakoshuka kuingia ndani ya ubao, chombo huziinua na kuzing'oa badala ya kuzikata, na kipande kikubwa kuliko ulivyotaka hutoka. Ukienda upande zinakopanda kutoka ndani ya ubao, kila mkato hung'aa kana kwamba umepakwa mafuta. Kwa ajili hiyo, katika kufukua shimo, fundi huanza juu ukingoni akashuka hata chini, kisha hugeuka akaanza ukingo wa pili akashuka tena, na mikato miwili hukutana chini. Hapandi kutoka shimoni.

Liko jambo jingine linalowashangaza wanafunzi. Kata mfereji unaopita mshazari kwa nyuzi, kama mshipa wa jani. Utaona ukuta mmoja wa mfereji umelainika na ukuta wa pili umechanika, ingawa chombo ni kimoja na mkono ni mmoja. Sababu ni kwamba kwa ukuta mmoja ulikuwa ukienda na nyuzi, na kwa ukuta wa pili ulikuwa kinyume chake. Dawa yake ni kurudi kutoka upande wa pili, chombo kikiegemea ukuta ule uliochanika peke yake. Na katika ua la mviringo mambo hubadilika kila robo ya duara, hata fundi huonekana akiuzunguka ubao wake kama mtu aliyepoteza kitu.

Mkono wa kushoto hushika bobari karibu na chuma, na ubavu wa kiganja hukaa juu ya ubao, ili chombo kisiteleze. Mkono wa kulia hupiga kwa kiwiko na kifundo cha mkono, si kwa bega. Mapigo yawe mepesi na mengi. Pembe zote mbili za bobari zionekane juu ya mti daima. Zikizama, mti huchanika pembeni. Chombo kikinasa, usikipinde kando ili kukitoa, maana chuma kigumu huvunjika kama kioo. Kirudishe nyuma kwa njia ile ile kilimoingilia. Ubao nao ushikwe imara. Mafundi wengi wa pwani huketi chini na kuuzuia ubao kwa miguu, nao wameizoea kazi hiyo tangu utoto. Lakini mwanafunzi aubane kwa jiliwa juu ya meza, na kamwe asiweke mkono wala mguu mbele ya makali.

Sauti ya nyundo nayo hufundisha, na laiti ningaliweza kuwaletea hapa nyundo na ubao mkaisikia. Chombo kinapoingia vizuri nyundo hutoa sauti nene, tulivu. Kinapokataa kuingia, sauti huwa kali na fupi. Mimi nililijua jambo hilo kwa aibu.

Nilipokuwa mwanagenzi, fundi wangu alipewa kazi ya kizingiti cha mvule kwa nyumba ya arusi, chenye maua kumi na moja. Ubao ule ulikuwa umetafutwa kwa miezi mingi, na siku ya arusi ilikuwa imekwisha tangazwa. Fundi alichonga maua sita, kisha akaniachia la saba akaenda kusali. Nami nikaona kazi ni nyepesi, nikataka akirudi alikute ua limekwisha. Nilisimamisha bobari juu ya mstari wa ncha ya jani la ua, nikapiga. Haikuingia. Nikapiga kwa nguvu zaidi, na ncha ile ikaruka ikaangukia katika maranda.

Fundi aliporudi hakupaza sauti. Alipitisha kidole mahali palipovunjika, akaniuliza, "Mwanangu, mti ulikwambia nini kabla ya kuvunjika?"

Nikajibu, "Haukuniambia neno, Fundi."

"Ulikwambia. Nyundo ilibadili sauti, nawe hukuisikiliza."

Tuliitafuta ile ncha hata jioni, hatukuiona. Kuunga kipande kingine hakutaka. Alisema gundi katika mlango wa nje haina umri. Basi tulishusha maua yote kumi na moja, kila moja robo inchi, na ardhi yake nayo, ili yawe sawa. Kazi hiyo ilituchukua siku tatu na sehemu ya usiku, kwa taa. Mwenye nyumba hakujua. Mlango ulitiwa siku moja kabla ya arusi.

Kosa langu lilikuwa wapi? Si nguvu peke yake. Bobari ni kabari: ikipigwa wima husukuma mti pande zote mbili. Ncha ya jani la ua iliyokingama nyuzi ina nyuzi fupi mno, haiwezi kustahimili msukumo. Fundi aliyejifunza hukata kwanza mfereji nje ya mstari, upande wa mti utakaoondolewa, akiacha kama unene wa sarafu. Ndipo husimamisha bobari juu ya mstari wenyewe na kupiga kidogo kidogo. Mti uliobaki ni mwembamba nao hukubali kuangukia mferejini, na ua halisukumwi. Tena huchagua bobari ambayo kupinda kwake ni sawa na kupinda kwa mstari, ili mkato mmoja umalize kona nzima.

Baada ya hapo utaratibu wa kazi ni mfupi kuueleza, ijapokuwa ni mrefu kuutenda. Nakshi huchorwa juu ya ubao kwa bikari, rula na kalamu, au kwa karatasi iliyokatwa. Mipaka hukatwa kama nilivyosema. Kisha ardhi ya nakshi hufukuliwa hata kina kimoja, nusu inchi mathalan, kwa bobari pana iliyopinda kidogo, na mikato ya kwanza huenda kukingama nyuzi, kwa sababu huko mti haupasuki mbali. Ardhi ikiisha kulingana ndipo maua huviringwa na majani hupewa migongo na mabonde. Mishipa midogo huchorwa mwisho kabisa. Anayeichora kwanza huifuta mwenyewe akiviringa.

Siku hizi ziko mashine za umeme zinazochonga maua ishirini kwa muda ambao fundi hunoa chombo kimoja. Sizichukii. Lakini tazama milango yake kwa karibu: ardhi ya nakshi yote ni sawa kama sahani, na kila ua ni ndugu pacha wa mwenziwe. Katika milango ya zamani utaona alama ndogo za bobari, na jua la jioni likizipiga kutoka upande, nakshi huonekana kama inatembea. Kwa hiyo mimi husema msasa usitumike juu ya nakshi, au utumike kwa uchache kabisa. Huviringisha kingo zilizokatwa kwa taabu, na vumbi lake huingia nyuzini. Na vumbi la mvule huwasha macho na kifua, basi ukilazimika kulipiga msasa, funga kitambaa puani ukafanye kazi penye upepo.

Mwisho ubao hupakwa mafuta ya kitani, membamba, kwa kitambaa, yakaachwa kukauka kabla ya kupakwa tena. Vitambaa vilivyotumika msivikunje mkavirundika pembeni mwa karakana: mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo laweza kuwaka lenyewe usiku bila mtu kutia moto. Vitandazeni nje juu ya mawe mpaka viwe vikavu kabisa, au vitieni katika ndoo ya maji.

Muda wangu umekwisha. Kwa herini.